Lugha ya Mchezo wa Kuchimba: Istilahi na Upatanisho wa Kisarufi

Makala haya yanahusu aina ya mchezo wa kompyuta ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haina la kumwambia mwanaisimu. Mchezaji hukuta skrini tupu, tarakimu moja, na kitufe kimoja kilichoandikwa neno la kuamuru: Chimba. Akikibofya, mtambo hushuka kidogo ardhini na jiwe moja hupatikana. Mawe yakifika idadi fulani huuzwa, na kwa fedha hizo hununuliwa ncha iliyo kali zaidi. Baadaye injini, ambayo huchimba bila kubofywa. Baadaye tena injini ya pili na ya tatu, mpaka kazi ya mchezaji inakuwa ni kutazama tarakimu zikipanda na kuamua fedha ziende wapi. Hakuna shujaa wala adui, na aghalabu hakuna hata picha. Maneno yote ya mchezo mzima yaweza kuenea katika kurasa mbili za daftari.

Uchache huo wa maneno ndio unaoufanya mchezo huu ustahili kuchunguzwa. Maneno yenyewe hayaandikwi kama sentensi kamili. Huhifadhiwa vipande vipande, kisha programu huviunganisha wakati wa kucheza: jina la kitu hapa, kitenzi pale, tarakimu katikati. Kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya wengi wa watungaji wa michezo hii, vipande hivyo hushikamana bila taabu. Kwa Kiswahili havishikamani, na sababu yake ni jambo ambalo kila mwalimu wa lugha hii hulifundisha tangu juma la kwanza, yaani ngeli.

Asili ya michezo hii

Mwaka 2002 Eric Fredricksen alitoa Progress Quest, mchezo uliojicheza wenyewe: mtu alichagua jina la mhusika, kisha akaketi kuangalia mhusika huyo akipata nguvu. Ulikuwa mzaha. Mzaha pia ulikuwa Cow Clicker wa mwaka 2010, ambao mtungaji wake, Ian Bogost, alikusudia kuikejeli michezo ya Facebook ya wakati ule. Mchezaji alipewa ng'ombe wa kumbofya mara moja kila baada ya saa sita, basi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba watu walimbofya ng'ombe huyo kwa moyo wote, hata kejeli ikageuka kuwa kielelezo. Mwaka 2013 ukaleta michezo miwili iliyoipa aina hii umbo lake: Cookie Clicker wa Mfaransa Julien Thiennot, na A Dark Room wa Michael Townsend wa Kanada, unaoanza katika chumba chenye giza na moto uliozimika, na kusimulia hadithi yake karibu yote kwa sentensi fupi fupi. Mwaka 2017 Frank Lantz wa Marekani alitoa Universal Paperclips, ambamo mchezaji huanza kwa kutengeneza kibanio kimoja cha karatasi na kumaliza akiwa ameugeuza ulimwengu wote kuwa vibanio. Ukurasa wa mchezo huo ni maneno na tarakimu, karibu bila kitu kingine.

Uchimbaji nao una ukoo wake mrefu katika michezo ya kompyuta. Dig Dug ya kampuni ya Namco ilitoka Japani mwaka 1982. Motherload, iliyotungwa na XGen Studios ya Kanada mwaka 2004, ilimpeleka mchezaji kwenye sayari ya Mars akiwa na chombo cha kuchimbia ambacho kilimlazimu kurudi juu kila mara kuuza madini na kutia mafuta kabla tangi halijakauka. Katika Mr. Mine mikondo hii miwili hukutana: mtambo huteremka kilomita baada ya kilomita, madini huuzwa ili mtambo uboreshwe, na kazi huendelea hata dirisha likiwa limefungwa.

Jina la Kiswahili

Kwa Kiingereza michezo hii huitwa kwa jina lenye maana ya kuongezeka hatua kwa hatua. Tafsiri ya haraka ingekuwa "michezo ya nyongeza", lakini jina hilo ni bovu, kwa maana nyongeza ni kitu kinachotolewa juu ya haki ya mtu, kama mwuza duka anavyomwongezea mnunuzi. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi, nacho ni kulimbika. Kulimbika ni kuacha kitu kikusanyike kwa kukingojea: kisima kikikaukiwa, maji hulimbikwa, hayachotwi mpaka yajae tena. Ndani ya kitenzi hicho mna mambo mawili kwa pamoja, kukusanya na kusubiri, na hayo mawili ndiyo mchezo wenyewe. Zaidi ya hayo, maji ya kulimbikwa hutoka chini ya ardhi. Makala haya kwa hiyo yatatumia "mchezo wa kulimbika".

Huenda msomaji akakumbuka hapa methali ya haba na haba. Haifai. Methali hiyo ni hesabu ya kujumlisha: kila haba ni sawa na haba iliyotangulia, na kibaba kina ukingo. Mchezo wa kulimbika ni hesabu ya kuzidisha, na hauna kibaba. Katika Cookie Clicker mojawapo ya vitu vya kununuliwa ni mgodi, na bei ya mgodi wa kwanza ni biskuti 12,000. Kila mgodi unaonunuliwa huipandisha bei ya unaofuata kwa asilimia 15: wa pili ni 13,800, wa tatu 15,870, wa 11 hufika 48,547. Uzalishaji wa mgodi mmoja, kabla ya maboresho yoyote, ni biskuti 47 kwa sekunde. Mgodi wa kwanza hurudisha gharama yake kwa sekunde 255 hivi. Wa 11 huhitaji sekunde zipatazo 1,033, yaani zaidi ya dakika 17. Mgodi wa 101 ungegharimu zaidi ya mara milioni moja ya bei ya wa kwanza. Mchezaji hashindwi na mtu. Hushindana na mpando huo wa bei, na silaha yake pekee ni kuyarudisha mapato katika uzalishaji badala ya kuyatazama.

Tofauti na bao inaonekana mara moja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete hizo hazizidi wala hazipungui tangu mwanzo hadi mwisho. Utajiri wa mmoja ni umaskini wa mwenzake. Hata hivyo bao lina fundisho kwa mtunga istilahi. Wachezaji wake hawakuazima maneno: walichukua nyumba, kichwa, mtaji, kutakata, wakayapa maana mpya ndani ya mchezo, na hakuna anayetatizika. Mtaji hasa ni neno la kuzingatiwa. Katika bao ni zamu ya kula kete. Sokoni ni fedha ya kuanzia biashara. Mchezo wa kulimbika ungeweza kulirithi neno hilo bila kubadili hata herufi moja.

Jambo moja la pembeni kuhusu tarakimu. Bei ya mgodi wa kwanza, ikisomwa kwa sauti, ni "elfu kumi na mbili", na maneno hayo yanaweza kumaanisha 12,000 au 10,002. Wazungumzaji waangalifu husema "kumi na mbili elfu" kuondoa utata. Tarakimu zikiwa kwenye skrini utata haupo, lakini programu inayomsomea asiyeona itamwambia nini? Nayo michezo hii huishia kwenye idadi zisizo na majina katika lugha yetu; Universal Paperclips humalizika kwa idadi yenye tarakimu zaidi ya 50. Kiswahili kina elfu, laki na milioni za matumizi ya kila siku, na bilioni na trilioni za magazetini. Baada ya hapo ni afadhali kuandika kwa vipeo vya kumi kuliko kuazima msururu wa majina ambayo hata Waingereza wenyewe hawayajui.

Kina na gharama yake

Kwa nini kuchimba, na si kulima au kujenga, kumeukubali mchezo huu vizuri hivyo? Kwa sababu katika uchimbaji wa kweli pia kila mita ni ghali kuliko iliyotangulia. Kisima cha utafiti cha Kola, kaskazini ya Urusi, kilianza kuchimbwa na Wasovieti mwaka 1970. Kufikia mwaka 1983 kilikuwa kimepita mita 12,000. Mwaka uliofuata bomba lilikatika, kipande cha kilomita 5 kikabaki chini, na ikabidi kazi ianzwe upya kutoka kina cha mita 7,000. Mwaka 1989 kilifika mita 12,262, na mita zile 262 za mwisho zilikuwa zimechukua miaka sita. Huko chini joto lilifika nyuzi 180 za Selsiasi badala ya 100 zilizokadiriwa, na mwamba haukuwa tena kama mwamba bali ulijikunyata na kuliziba tundu kila ncha ilipoondolewa. Uchimbaji ulikoma mwaka 1992. Upana wa tundu hilo ni sentimita 23 tu.

Kule kuanza upya kutoka mita 7,000 kuna mfano wake mchezoni. Michezo mingi ya kulimbika, bei zinapokuwa hazifikiki, humpa mchezaji ruhusa ya kuacha kila kitu na kurudi sifuri, isipokuwa kwamba safari hii mapato yake yatazidishwa. Kola hawakupata kizidisho.

Hapa Kenya maneno ya kazi hii si mageni. Tangu kituo cha Olkaria kilipoanza kutoa umeme mwaka 1981, kikiwa na mtambo wa megawati 15, "visima vya mvuke" ni usemi unaoeleweka, na kitenzi kinachotumiwa ni kuchimba. Lakini je, kuchimba ndicho kitenzi sahihi kwa ncha inayozunguka? Kuchimba ni kazi ya jembe na sururu: udongo hutolewa, shimo hubaki. Kutoboa ni kupitisha kitu upande wa pili, jambo ambalo ardhini halitarajiwi. Kilicho karibu zaidi na kazi yenyewe ni kupekecha, yaani kuzungusha chenye ncha mpaka kiingie. Ndivyo moto ulivyopatikana kwa vijiti, na ndivyo seremala afanyavyo kwa keekee. Mtu aweza kuuliza iwapo wachezaji wa leo wanalijua neno keekee. Seremala wanalijua. Na kwa mchezo ambao kifaa chake kikuu ni hicho kimoja, neno moja la karakana si mzigo mkubwa kwa mchezaji kujifunza. Kupekecha kuna hatari nyingine, kwamba mchezaji atakumbuka kwanza maana yake ya kuchochea fitina. Kwa kitufe, basi, Chimba libaki. Kwa kifaa, keekee.

Sababu nyingine ya kukiacha kitenzi kuchimba mahali pake ni mnyambuliko wake. Kutokana na shina hilo moja mchezo hupata karibu msamiati wake wote: chimbua kwa kufukua kilichozikwa, chimbika kwa kukubali kuchimbwa, chimbisha kwa kuifanya injini ichimbe, mchimbaji, machimbo, na chimbuko, ambalo watu hulitumia kwa asili ya jambo bila kukumbuka kwamba ni neno la ardhini. Mtungaji anayetaka uchache hapati lugha inayomfaa zaidi. Neno moja la Kiswahili ni sentensi nzima. "Hauchimbiki" humwambia mchezaji kwamba mwamba uliopo mbele yake haukubali ncha aliyo nayo. Kiingereza kingehitaji maneno matano au sita. Ngeli za mahali nazo hufanya kazi ambayo lugha nyingi haziwezi kuifanya. "Kuna maji" ni habari ya jumla, "pana maji" huelekeza mahali maalumu, lakini "mna maji" humweka mchezaji ndani ya shimo, na silabi moja ndiyo iliyomshusha. Kadhalika njeo: mchezaji akirudi baada ya saa nane akasoma "Mtambo ulichimba mita 40. Maji yameingia", sentensi ya kwanza imekwisha na ya pili ingali inadai kitendo, tofauti iliyobebwa na -li- na -me- peke yake.

Upatanisho

Hapa ndipo sifa hiyo inapogeuka kuwa tatizo. Programu ya Kiingereza huhifadhi sentensi moja yenye nafasi tupu, kwa mfano: "[kitu] haichimbiki". Katika nafasi hiyo hutiwa jina la tabaka lililofikiwa. Kwa Kiswahili nafasi tupu haitoshi:

Mwamba hauchimbiki.
Jiwe halichimbiki.
Kifusi hakichimbiki.
Changarawe haichimbiki.
Makaa ya mawe hayachimbiki.

Matabaka matano, viambishi vitano. Mfasiri aliyepewa orodha ya maneno bila kuelezwa yatakutana wapi atachagua kiambishi kimoja, na mchezo utaandika "jiwe haichimbiki" mbele ya mtoto ambaye asubuhi hiyo mwalimu wake amemsahihisha kosa hilohilo. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa na watunga programu hazimsaidii. Shirika la Unicode limekiweka Kiswahili katika kundi la lugha zenye maumbo mawili ya idadi, umoja na wingi, sawa na Kiingereza. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya jambo. Kanuni ya umoja na wingi huijulisha programu kwamba mtambo ukizidi mmoja ni mitambo. Haiijulishi kwamba mtambo umenunuliwa, bomba limenunuliwa, kinu kimenunuliwa na taa imenunuliwa.

Kishawishi cha kwanza kwa mfasiri aliyebanwa na wakati ni kukimbilia maneno ya mkopo. Drili, injini, pampu, leza, mashine: yote huangukia ngeli ya N, yote hupatanishwa kwa i- katika umoja na zi- katika wingi, na sentensi moja yenye nafasi tupu huyatosha yote. Jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko lawama za kawaida juu ya ukopaji. Keekee, ambayo nayo ni ya ngeli ya N, itasalimika. Lakini kinu, bomba na mtambo yatatupwa, si kwa kuwa hayaeleweki wala kwa kuwa lugha ina upungufu, bali kwa kuwa viambishi vyao haviingii katika nafasi iliyochongwa kwa kipimo cha lugha nyingine. Msamiati utakuwa umechaguliwa na muundo wa programu.

Njia ya pili ni ya kisarufi, nayo ni ya busara zaidi. Jina linalobadilika huondolewa katika nafasi ya kiima na kuwekwa katika nafasi ya yambwa, ambako upatanisho si lazima kwa vitu visivyo hai: "Umenunua mtambo", "Umenunua bomba", "Umenunua kinu". Kiima ni mchezaji, naye habadiliki. Tarakimu pia huficha upatanisho, kwani "mitambo 2" na "mabomba 2" huandikwa kwa namna moja ingawa husomwa miwili na mawili. Njia hii huenda mbali, lakini haifiki. Hukwama penye viumbe hai, kwa maana mchimbaji hataajiriwa bila -m-: "Umemwajiri mchimbaji". Hukwama penye sifa, kwa maana kinu ni kipya na bomba ni jipya. Na hata inapofaulu, hubadili maana. "Huwezi kuchimba mwamba" humlaumu mchezaji. "Mwamba hauchimbiki" hueleza hali ya mwamba. Katika mchezo ambao kila kizuizi ni cha muda, na ambao ncha ya kesho itapita pale iliposhindwa ya leo, kauli inayofaa ni ya hali, ikitanguliwa na bado: "Bado hauchimbiki". Kauli ya kutendeka ni hazina. Si ya kuachwa kwa ajili ya urahisi wa mashine.

Inabaki njia ya tatu, ambayo watunga programu huiogopa bila sababu: kuziandika sentensi zote kwa ukamilifu, kila tabaka na kila kifaa na sentensi zake, bila kuunganisha chochote. Katika mchezo mkubwa wenye maelfu ya vitu kazi hiyo haiwezekani. Katika mchezo wa kuchimba wenye matabaka 12, kila tabaka likiwa na jumbe tano, ni sentensi 60, ambazo mwanafunzi wa mwaka wa pili anayezijua ngeli zake aweza kuzimaliza mchana mmoja na mwalimu akazipitia jioni. Mtunga programu anachotakiwa kufanya ni kuacha nafasi ya sentensi badala ya nafasi ya neno, na kumpa mfasiri jedwali lenye safu ya umoja na safu ya wingi. Mfasiri naye atakuta baadhi ya visanduku havina cha kujazwa. Udongo, kwa mfano, hauna wingi katika matumizi ya kawaida, na makaa hayatumiki kwa umoja mchimbaji anapoyazungumzia; visanduku hivyo viachwe wazi, na programu ielekezwe kuandika sentensi ileile iwe ni tani moja au tani elfu.